Sita au tisa? Nasikia sauti vizuri, maneno ndiyo yananipita

Karani wa Mizani

Wakulungwa, habari za jioni. Uzi huu mrefu, mwenye haraka zake apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Mtwara, wilaya naihifadhi. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi kazi yangu ni daftari. Mkulima analeta gunia, kijana wa mizani anasoma kilo kwa sauti, mimi naandika, mkulima anapewa karatasi yake, mzigo unasubiri gari la kwenda ghala kuu, kisha mnada. Mwaka wa kumi na moja huu.

Msimu uliopita niliitwa mwizi mbele ya foleni.

Mama mmoja alileta magunia matatu. La tatu kijana akasoma, mimi nikaandika 86. Yule mama hakuwa wa kukaa kwenye benchi akijipepea kanga. Alisimama kando ya mizani, macho kwenye namba. Akaja mezani.

"Karani, hapo umeandika ngapi?"

"Themanini na sita, mama."

"Kijana kasema ngapi?"

Kijana akarudia, kwa sauti ya mtu anayeita panton isimwache. Nikasikia themanini na sita. Nikamwambia mama, si unasikia mwenyewe? Foleni ikacheka. Kisha ikaacha kucheka, na hapo moyo ukanidunda. Nikainuka kwenda kuangalia mizani. 89.

Magunia ya siku ile yalikuwa bado ghalani, yakapimwa upya mbele ya wajumbe wawili wa bodi. Makosa manne, yote ya sita na tisa. Matatu nimempunja mkulima kilo tatu tatu. La nne nimemzidishia mtu kilo tatu. Hilo la nne ndilo lililoniokoa, maana mwizi gani anaiba huku anarudisha. Lakini nikaambiwa nikapumzike kwanza, na mtaani jina limeshaenda. Mnajua huku kwetu kilo ya korosho ni nini.

Sasa mnisaidie. Mimi si kiziwi. Adhana naisikia, bodaboda naisikia ikiwa bado kona ya pili, kunguru akitua kwenye bati nasikia. Yule kijana nilimsikia! Ila neno linanifikia kama mtu anayeongea na kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Nyumbani ndiyo usiseme. Juzi mke wangu kasema, "Nipe kisu." Nikamuuliza, "Kitu gani?" "Kisu!" "Ndiyo mke wangu, kitu gani?" Akaja akakichukua mwenyewe, na siku ile tulikula kimya.

Kuna mwenye hali hii humu? Nianzie wapi?

Pweza wa Feri

Karani pole, ila nimecheka kwa hicho kisu. Mzee wangu naye yuko hivyo hivyo. Ukimwambia ateremshe kokoro juani, hasikii. Ukitaja hela ukiwa uani na yeye yuko barazani, "ngapi hizo?" Hawa wazee wana masikio ya kuchagua.

Ming'oko

Natandika mkeka hapa, nasubiri wataalamu.

Fundi Redio

Karani, mimi si daktari, ni fundi wa redio na spika, meza yangu haiko mbali na stendi. Lakini ulichoandika nakiona kila wiki. Mtu analeta spika ya shughuli, ananiambia "fundi, inanguruma ila haisemi." Nafungua, twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, imeungua. Besi iko vilevile, inatikisa bati, ila mwimbaji hujui anaimba nini. Mwenye spika anadhani dawa ni kuongeza sauti. Anaongeza, besi inazidi kunguruma, maneno yako palepale.

Sauti ya binadamu nayo ina besi na trebo yake. A, e, i, o, u ziko chini na zina nguvu. Hizo ndizo zinazokufanya useme nasikia. S, t, f, k, p, ch, sh ziko juu, na ni nyepesi, pumzi tu. Sasa chukua sita, ondoa s na t, zinabaki i na a. Chukua tisa, ondoa t na s, zinabaki i na a zilezile! Sitini na tisini ni hivyo hivyo, na hapo tofauti ni kilo thelathini, ushukuru gunia lako halikufika huko. Saa, taa, paa, kaa, faa, kwako wewe ni "aa" moja tu, unabahatisha kichwa chake. Kisu na kitu umeshatuambia.

Na ndiyo maana yule kijana kupiga kelele hakukusaidia. Mtu akipaaza sauti anachoongeza ni a, e, i, o, u. Hebu jaribu sasa hivi kupaaza "sss" uone kama itatoka nje ya mlango.

Swali: meza yako iko mbali gani na mizani? Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Na ndani ya ghala, sementi chini, matofali ubavuni, bati juu, kuna mwangwi. Mwangwi ni mkia wa neno la kwanza kulikalia neno la pili.

Ming'oko

"Inanguruma ila haisemi." Fundi, hiyo nimeichukua.

Nesi Mstaafu

Fundi kaeleza vizuri kuliko semina kadhaa nilizokalia viti. Mimi nipo Lindi, nimestaafu, nimeosha masikio ya watu wengi kuliko ninavyokumbuka. Nigusie upande wetu.

Karani, kwanza kabisa usijitangazie ugonjwa kabla hujachunguliwa. Nta ikijaa na kukauka inaziba, na wapo waliokuja wanalia kwamba wamekuwa viziwi wakaondoka wanacheka baada ya kuoshwa. Maji nyuma ya ngoma ya sikio, ngoma iliyotoboka kwa usaha wa tangu utotoni, hayo nayo yanapunguza kusikia. Ila aina hiyo ina alama yake: mtu ukimwongezea sauti, anaelewa. Mlango umefungwa, ila ndani hakujaharibika.

Wewe umesema ukiongezewa sauti hupati kitu. Hapo naliwaza sikio la ndani, kile kikonokono chenye seli za vinywele. Kila sikio lina seli kama elfu kumi na tano hivi, unazaliwa nazo, zikifa hazioti tena. Za mwanzoni kabisa mwa kikonokono ndizo zinazoshika sauti za juu, zile twita za Fundi, na kwa kelele na umri hizo ndizo zinazotangulia kuchoka.

Niambie mawili. Umewahi kufanya kazi ya kelele? Umewahi kuchomwa sindano nyingi au kuwekewa dripu za kwinini?

Na usitie kitu sikioni hadi uonwe. Wala njiti ya kiberiti.

Korosho Daraja la Pili

Nesi kwa heshima yako, bibi yetu Newala alitibu watu kwa kitunguu saumu kilichokaangwa kwenye mafuta ya nazi. Matone mawili ya uvuguvugu, siku saba. Ajaribu, hakina madhara.

Nesi Mstaafu

Mjukuu wangu, kama ngoma imetoboka mafuta hayo yanaingia mpaka ndani, na uvuguvugu wa mtu mmoja ni moto wa mwingine. Nimeona lililoungua. Kitunguu saumu kipikie pweza.

Pweza wa Feri

Nimefanya nini tena mimi?

Karani wa Mizani

Nesi shikamoo. Mawili yako nayajibu.

Kelele ipo. Kabla ya ukarani, na hata baadaye kwenye mikorosho yangu, nilikuwa mpulizaji wa dawa ya mikorosho. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane nabeba mashine mgongoni, injini iko nyuma ya kisogo hapa, napuliza salfa kwa kulipwa kwa mti. Karibu miaka ishirini. Pua nilikuwa naifunga kitambaa kwa sababu ya salfa, masikio hakuna aliyewahi kuniambia. Usiku nikilala nasikia mlio, ndani ya kichwa, kama nyenje. Nilidhani ni nyenje kweli. Nikamuuliza mke wangu, akaniambia mbona leo hakuna nyenje.

Kwinini niliwahi kuwekewa dripu mara mbili nikiwa kijana. Masikio yalivuma wiki nzima halafu yakarudi.

Fundi, meza iko hatua sita kutoka kwenye mizani. (Au tisa, haha. Ni sita, nimezihesabu kwa miguu.)

Halafu nimjibu Pweza, maana hilo la hela nimelisikia hata kwangu na linauma. Bwana mdogo, sichagui. Nikisubiri neno, nalipata. Salamu nazipata zote kwa sababu salamu tumezikariri, najua baada ya "hujambo" linakuja "habari za nyumbani", sisikilizi, nabahatisha tu na napatia. Hela ni hivyo hivyo, neno linalotajwa kila siku kichwa kinalo tayari. Mtu akitoka nje ya mstari ndipo naumbuka.

Ngoja niwasimulie lililonifanya nianze kukwepa watu. Mwezi wa Ramadhani nilikutana na jirani yangu wa zamani njiani, pikipiki zinapita. Nikamsalimu, akajibu, nikamuuliza habari za mdogo wake ambaye tulisoma naye. Akasema kitu. Nikajibu kwa furaha kabisa, "Alhamdulillah!" Akanitazama. Kumbe kaniambia amefariki wiki iliyopita, wamezika Mikindani. Lililonisitiri ni kwamba Alhamdulillah inasemwa kwenye kila hali. Yule bwana akaitikia, akadhani imani yangu iko juu. Nilijua msiba huo siku tatu baadaye, kutoka kwa mtu mwingine, na nikakumbuka nilivyocheka.

Tangu hapo nikiona watu wamekaa barazani napita upande wa pili.

Pweza wa Feri

Karani, nisamehe. Lile la hela nalifuta.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo la Mikindani.

Kwinini kwa wengi mvumo unaondoka dawa ikiisha, ndivyo ulivyokutokea. Zipo dawa nyingine, streptomaisini na jentamaisini kwa mfano, ambazo uharibifu wake unaweza kubaki moja kwa moja, ndiyo maana huwa tunauliza. Lakini miaka ishirini ya injini kisogoni, hata nisiwe daktari nimeshaanza kukisia. Kipimo kinachotumika makazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. 88 ni saa nne. 91 ni saa mbili. Ikifika 100 ni robo saa. Kwa kukadiria bila mashine: ukilazimika kumpigia ukelele mtu aliye umbali wa mkono wako, hapo tayari sikio linaliwa. Nani kati yenu amewahi kuongea kawaida na mpulizaji huku mashine inaunguruma?

Vijana mnaopuliza mwaka huu, vile vizibo vya masikio vya sponji si ghali. Pamba kavu haizuii kitu.

Karani nenda hospitali, omba kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, upimwe kusikia, siyo kuchunguliwa kwa tochi tu. Ukipewa rufaa usiache kwenda. Na usijione uko peke yako, Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 lilihesabu zaidi ya watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiwango hiki au kile.

Korosho Daraja la Pili

Si siku hizi wanapandikiza mashine ndani ya kichwa? Nilisikia Muhimbili.

Nesi Mstaafu

Wanapandikiza, tangu 2017. Hiyo ni kwa ambao hata mashine ya kawaida haiwasaidii, na mara nyingi ni watoto waliozaliwa hawasikii. Karani anayesikia kunguru akitua batini bado hajafika huko.

Binti wa Wailes

Jamani mimi naishi na bibi yangu hapa Lindi, ana miaka 74 na anavaa kifaa sikioni mwaka wa pili sasa. Nataka Karani ajue mapema, maana sisi hatukuambiwa.

Siku ya kwanza tulidhani tukishamvalisha atasikia kama zamani. Wapi! Alikaa nacho dakika ishirini, akakivua akakiweka kwenye sahani ya ubwabwa. Akasema, "Hiki kinaniletea jiko lote kichwani." Kijiko kikigusa sufuria analia. Mfuko wa rambo ukikunjwa analia. Kumbe vitu vyenyewe alikuwa hajavisikia miaka mingi, ubongo umeshavisahau, sasa vimerudi vyote kwa pamoja na havijapangwa. Tulielekezwa aanze saa moja, mbili, ndani, kukiwa kimya, na mtu mmoja wa kuongea naye. Ilichukua kama miezi miwili kabla hajaanza kukidai mwenyewe asubuhi. Na hata leo kwenye shughuli yenye watu hamsini anakivua. Kifaa kinaongeza sauti, hakijui nani ni mjukuu wako na nani ni muziki.

Jambo jingine ambalo lilitugombanisha sana kabla hatujalielewa. Unamwambia kitu kwa upole, "Sema kwa sauti basi!" Unapandisha kidogo, "Unanifokea ya nini?" Tukawa tunasema bibi kageuka mkorofi. Mtaalamu akatueleza kwamba sikio lililoharibika ndani lina uwanja mwembamba. Sauti ya chini haifiki, ya juu inauma, na katikati pamebaki padogo. Siyo ukorofi.

Betri ni zile ndogo kama kifungo cha shati, zina kibandiko cha rangi. Za bibi ni rangi ya chungwa. Ukikibandua inaanza kuingiza hewa na kuliwa, hata usipoitumia, kwa hiyo usibandue kwa kujaribu. Wiki moja, mbili, imekwisha. Na hii hewa yetu ya pwani, chumvi na jasho, inakiua kifaa. Usiku tunakitoa betri, tunakilaza kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vyenye punje punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Bibi anaviita dawa ya meno ya mashine, sijui kwa nini.

Mwalimu wa Chikongola

Hivyo vifaa vya sikioni, huko shuleni tunaviita shimesikio. Nilifundisha miaka mingi, na nina deni la watoto niliowachapa kwa "kutosikiliza" ambao leo nikikumbuka walikuwa wakigeuza kichwa upande mmoja kila nilipoongea. Hilo tuliache.

Karani, swali moja. Kipindi cha barakoa, wakati wa korona, mambo yako yalikuwaje?

Karani wa Mizani

Mwalimu umenigusa penyewe! Nilikwenda benki, yule binti kavaa barakoa, mbele yake kioo, na feni inazunguka. Niliona nyusi zake zinapanda na kushuka tu. Sikuambulia hata silabi. Nikatia sahihi kila aliponionyesha kwa kidole, nikatoka nimelowa jasho. Nilidhani ni kioo.

Mwalimu wa Chikongola

Ulikuwa unasoma midomo bila kujijua. Wengi ndivyo walivyogundua kipindi kile. Yule kijana wako wa mizani anasoma namba kainamia mizani, kisogo kwako. Mgeuze.

Lakini midomo nayo ina mwisho wake. Simama mbele ya kioo, bila kutoa sauti sema: mama, baba, papa. Midomo inafunga na kufunguka vilevile mara tatu. Kwa mtu wa Feri hiyo ni familia nzima pamoja na kitoweo. Na k na g ziko nyuma kooni, hakuna anayeziona. Kwa hiyo jicho linasaidia sikio, sikio linasaidia jicho, na kilichobaki kichwa kinajaza. Kazi hiyo ya kujaza inachosha. Jiangalie, asubuhi unaelewa zaidi kuliko jioni?

Karani wa Mizani

Asubuhi naelewa. Ikifika alasiri nataka kila mtu anyamaze. Makosa yote manne yalikuwa baada ya saa nane mchana, sasa ndiyo naliona hilo.

Fundi Redio

Na simu je? Simu za kawaida zinakata sauti ya juu, hazipitishi zaidi ya hezi 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha sauti kuwa juu au chini, besi au trebo), na "s" karibu yote iko juu ya hapo. Hata mtu mwenye masikio mazima anauliza "S ya Salima au F ya Fatuma?" Mambo ya hela usikubali kwa simu ya mdomo, waambie waandike ujumbe.

Ming'oko

Mimi nina sikio zima na jana nimetumiwa bodaboda kwenda Magomeni badala ya Mangamba. Tatizo la mtandao au langu?

Fundi Redio

La kwako ni jingine, mkuu.

Pweza wa Feri

Wakuu nimerudi. Jana nimejaribu kwa mzee. Kwanza nieleze, amekaa na injini ya boti miaka thelathini na kitu, anaiongoza kwa mkono wa kushoto, kichwa kimegeukia mbele, kwa hiyo sikio la kushoto ndilo linaloiangalia injini. (Baruti ya kuvulia samaki hajapiga, msinianze.)

Siku zote nikitaka kumwambia kitu naanza kuongea nikiwa bado natembea, au nimeinama natoa nyavu. Jana nikaenda upande wake wa kulia, nikamgusa bega, nikangoja anitazame, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, taratibu kidogo: "Baba, kesho tunakwenda na maji ya alfajiri." Akaniambia, "Sawa." Basi. Sawa! Kwa kawaida hapo tungeshapigizana kelele mpaka ng'ambo wasikie.

Mara ya pili hakuelewa. Nilisema "changu wamepanda bei." Akasema nini? Nikarudia, nini? Mara ya tatu nikakumbuka, nikabadilisha: "Soko la changu leo zuri, wananunua kwa bei kubwa." Akapata. Kwa hiyo kurudia neno lilelile mara tano ni kumpa tundu lilelile mara tano. Badilisha maneno.

Aliniuliza jioni, "Leo umekuwa mpole, una shida ya hela?"

Binti wa Wailes

😂 Mzee wa watu.

Karani wa Mizani

Wakulungwa, wiki ya tano leo. Niliahidi mrejesho.

Nta ilikuwepo, kidogo, imetolewa. Mlio wa nyenje bado. Nikapewa rufaa, nikapanda basi la Dar, nikapimwa. Unaingizwa kwenye kichumba kilichofungwa kimya mpaka unasikia koo lako likimeza, unavalishwa vitu masikioni, unashika kitufe, ukisikia mlio hata wa mbali unabonyeza. Nilibonyeza sana mwanzoni. Halafu pakawa kimya muda mrefu, nikamtazama yule mtaalamu kupitia kioo nikidhani mashine imezimika. Alikuwa anaendelea kuandika.

Grafu yangu ipo mezani hapa, na desibeli zikiwa nyingi ndivyo usikivu ulivyo mbaya. Hezi 500, desibeli 15. 1,000, desibeli 20, hapo mtu mzima kabisa. 2,000, inashuka 45. 4,000, desibeli 70, shimo. 8,000 inapanda kidogo hadi 60. Mtaalamu aliniuliza kabla sijasema lolote, "Baba umefanya kazi na mashine gani?" Shimo likikaa pale kwenye 4,000 wanajua ni kelele.

Kisha kipimo cha maneno. Akaficha mdomo kwa karatasi, ananitajia neno nirudie. Maneno 25, nikapata 17. Akaongeza sauti hadi ikawa inanikera, nikapata 18. Akaniambia, "Umeona? Hilo moja ndilo nililokuongezea." Fundi, nilikukumbuka wewe na spika zako.

Kifaa nimeambiwa kitanisaidia, masikio yote mawili, kwa kuwa sauti za chini ninazo watanipa cha kuongeza zile za juu zaidi. Lakini hakitarudisha zilizokufa. Nimeanza kuchanga, msimu ukikaa vizuri nitavaa. Binti, vipakiti vya viatu nimeshaanza kukusanya.

Ghalani nilikwenda mwenyewe na grafu, nikaiweka mbele ya bodi. Mwenyekiti akaigeuzageuza, akauliza hii ni bei ya mnada? Nikawaeleza sita na tisa. Nikamwomba mjumbe mmoja azibe mdomo aniambie namba, nikakosea mbele yao, mbili kati ya tano. Kimya. Nadhani mpaka siku ile walikuwa wanadhani nimepata wakili wa kunifundisha uongo.

Nimerudishwa. Meza imesogezwa hatua mbili kutoka mizani, upande ambao namwona kijana uso. Na tumepata ubao mdogo mweusi, wa kufundishia watoto. Kijana akipima anaandika kwa chaki, anauinua, mkulima anauona, mimi nauona, naandika. Foleni imekuwa ndefu kidogo, wananung'unika. Yule mama wa kilo 89 alikuja wiki iliyopita na magunia mawili. Hakusema kitu. Alisubiri ubao uinuliwe, akausoma, akanitazama mpaka nikamaliza kuandika, akaondoka. Sijui kama tumepatana.

Mke wangu naye siku hizi akitaka kisu ananionyesha kwa mkono anavyokata. Nampelekea. Juzi nilimpelekea kabla hajamaliza, kumbe alikuwa anapunga nzi.

Nesi Mstaafu

Hongera mwanangu. Hizo hezi 2,000 zilinde, usirudi kubeba mashine bila kuziba masikio.

Pweza wa Feri

Karani, nimemsomea mzee uzi wote, upande wa kulia. Anataka kukuona. Anasema anatafuta mtu wa kukaa naye kimya bila kuulizwa mbona umenyamaza. Jumamosi vuka kwa panton uje Msangamkuu, kuna changu.

Karani wa Mizani

Nakuja. Ila ulivyonipigia asubuhi sikuishika vizuri, panton ulisema ya saa sita au saa tisa?

Pweza wa Feri

Saa 6 mkuu. Nimeandika kwa namba.

Ming'oko

Karani, hakikisha simu hujaishika kichwa chini.